Maji Yaliyotiwa Dawa

Kila asubuhi ya likizo ile, Tunu aliufungua mlango wa saluni ya shangazi yake kwa bega. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevunyevu, kwa hiyo alijikaza, akasukuma, akaingia ndani nusura aanguke. Kisha kazi zilifuatana: kufagia nywele za jana, kukunja taulo, kufuta vioo, kujaza maji. Kazi aliyoipenda kuliko zote aliiweka mwisho, kama mtu anayebakiza mnofu pembeni mwa sahani. Hiyo ilikuwa kuwalisha samaki.

Saluni ilikuwa Kinondoni, kwenye kona ya mtaa wenye kelele. Miaka ile ya soko huria kila kibaraza kilikuwa kimegeuka biashara. Huyu kafungua duka la kaseti, yule kaweka jokofu la soda mlangoni, na Shangazi Najat kafungua saluni. Ili ya kwake isifanane na nyingine, aliweka tangi la kioo lililotoka Dubai, na ndani yake samaki wa mapambo. Wateja waliongoja zamu waliwatazama mpaka wakasahau kulalamika. Watoto wa mtaani waliwachungulia dirishani, wakaacha alama za pua kwenye kioo.

Samaki mmoja alijulikana kuliko wote. Alikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, na mkia wake mrefu mweupe ulimfuata nyuma kama shela. Mauwa, msusi wa saluni, alimpa jina Bibi Harusi, na jina likamganda.

Mwezi ule wa Julai Shangazi alisafiri kwenda Tanga kumuuguza mama mkwe wake. Nyumbani kwao Tunu watu waliguna waliposikia samaki wameachiwa nani.

"Tunu?" mama yake aliuliza. "Huyu huyu aliyevunja birika langu jipya?"

"Mwambie Shangazi anunue na sanda kabisa," alisema Suleiman, kaka yake, huku akicheka.

Shangazi hakucheka. "Tunu anaweza," alisema.

Maneno hayo mawili Tunu alilala nayo na kuamka nayo. Hakuna mtu aliyewahi kumsemea hivyo. Aliapa moyoni kwamba Shangazi atakaporudi, atawakuta samaki wake wazima wote.

Asubuhi ya safari Shangazi alikuja saluni mbio mbio, mkoba begani na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na samaki wadogo wawili wapya. Akawamimina tangini, wakawa watano.

"Chakula ni hiki hapa, walishe kidogo tu asubuhi. Ukipunguza maji, ongeza ya kwenye ndoo za uani. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Akaondoka. Basi la Tanga halikuwa la kumngoja mtu.

Baridi ya Julai iliingia kwa nguvu mwaka ule. Asubuhi moja Tunu alipowaamkia samaki, aliona kitu asichokielewa. Wale wageni wawili walikuwa na vidoa vyeupe mwilini, vidogo kama chenga za chumvi. Alifuta kioo akidhani ni uchafu. Vidoa havikutoka. Kesho yake Bibi Harusi naye alikuwa navyo mkiani. Zaidi ya hayo alikuwa na tabia mpya: alishuka chini akajisugua ubavu kwenye mawe, akapaa, akashuka tena akajisugua, kama mtu anayewashwa mgongo asikofika.

"Da Mauwa, njoo uone," Tunu aliita.

Mauwa alikuja na kitana mkononi, na mteja wake, Mama Sadallah, akaja nyuma yake nywele zikiwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Hiyo surua," alisema Mama Sadallah papo hapo. "Wanangu wote wanne walitoka hivyo hivyo."

"Surua gani nyeupe? Hiyo tetekuwanga," alisema Mauwa.

"Surua, nakwambia! Na mwenye surua haogeshwi. Tunu, sikia mie mtu mzima. Huyo samaki asiguse maji mpaka ipoe."

Tunu alimtazama, akalitazama tangi, akamtazama tena. "Samaki asiguse maji, Mama Sadallah?"

Saluni nzima ikaangua kicheko, na Mama Sadallah mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini Tunu hakucheka. Alimuuliza mteja mwingine, akaambiwa ni kijicho cha majirani. Aliuliza nyumbani, Suleiman akamwambia awakaange mapema kabla hawajaharibika. Kila mdomo ulikuwa na jibu lake, na majibu yote yalimwacha pale pale.

Siku iliyofuata gari la matangazo lilipita mtaani, spika yake ikinguruma. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu mjini, na sauti ilisema: "Wananchi, maji ya bomba yametiwa dawa ya kutosha! Tumieni maji yaliyotiwa dawa! Yaliyokaa muda mrefu myaepuke!"

Tunu alisimama na ufagio mkononi. Dawa! Hospitali ungepanga foleni kutwa kungoja dawa, na hapa inatiririka bombani bure! Akakimbia uani. Ndoo za Shangazi zilikuwa pale, wazi, zimejaa maji ya juzi. Aliyadhania maji ya akiba tu, kama kila nyumba ilivyoweka kwa sababu bomba lilikuwa na siku zake za kukauka. Akayamwaga yote. Akafungua bomba, akanusa. Harufu kali ikampanda puani, ile harufu ya wodi. Akatabasamu. Dawa kweli ilikuwemo.

Alipunguza nusu ya maji ya tangi, akajaza mapya. Samaki wakaruka huku na huku kama waliomwagiwa upupu. "Dawa inaingia," alijisemea. Kwani sindano nayo haiumi?

Lakini kesho yake walikuwa hoi. Walielea karibu na uso wa maji, midomo ikifunguka na kujifunga, mapezi wameyabana mwilini kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Chakula hawakukigusa. Tunu akaona dozi haikutosha, akabadilisha maji tena. Mmoja wa wale wageni akafa. Akabadilisha tena. Wa pili naye akafa.

Hapo kichwa kilimzunguka kabisa. Mgonjwa anapewa dawa anazidi kuumwa? Anapewa zaidi, anakufa? Alipima kila alilofanya asione kosa lilipo. Aliwafukia samaki wale uani bila kumwambia mtu. Kisha akachukua kanga, akalifunika tangi lote.

"Mbona hivyo?" Mauwa aliuliza.

"Baridi, Da Mauwa."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo, ukapita kirahisi, na ukamfungulia njia wa pili.

Wa pili aliusema kwa Bibi Samaki. Huyo alikuwa mteja wa siku nyingi, mama mnene mchangamfu kutoka Songea, jina lake Marietha Ndunguru, lakini pale saluni hakuna aliyelitumia jina hilo. Tunu aliwaza hivi: Mama Mboga anauza mboga, Mama Mkaa anauza mkaa, basi Bibi Samaki lazima ana karai lake la kukaangia mahali fulani. Kwa hiyo kati ya watu wote aliotamani kuwaonyesha wagonjwa wake, huyo alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. He! Samaki wa Najat leo mmewavalisha buibui?"

"Wamelala, Bibi."

"Wamelala saa nne ya asubuhi? Wameingia zamu ya usiku?"

Wateja wakacheka. Tunu akainamisha kichwa, akajifanya anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Mauwa alimfunga Bibi Samaki rola kichwani, akamkalisha chini ya draya, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele inayonguruma kama mashine ya kusaga.

Ndipo kijana wa duka la jirani, lenye simu, alipochungulia mlangoni. "Da Mauwa! Dada Najat kapiga simu kutoka Tanga. Anarudi kesho."

Tunu aliuegemeza ufagio ukutani. Kesho! Akaenda kwenye tangi, akainua pembe ya kanga. Bibi Harusi alikuwa amelala ubavu kwenye mawe. Mkia wake, uliokuwa ukielea kama shela, ulikuwa umekunjamana, na vidoa vyeupe vimemjaa mpaka machoni. Shavu lake bado lilipanda na kushuka, taratibu mno.

Maneno ya kujitetea yalimjia Tunu yenyewe, wala hakuyatafuta. Angesema waliugua kabla Shangazi hajasafiri. Angesema Mauwa ndiye aliyebadilisha maji. Nani angejua? Lakini kila alipoyapanga vizuri, aliona jicho lile la mviringo likimtazama ndani ya kioo, na akajua kwamba maneno hayo, hata yakiaminiwa, yasingemfanya Bibi Harusi ainuke. Alihitaji mtu wa kumsaidia. Hata muuza samaki wa kukaanga, bora amewahi kumshika samaki mkononi!

Akaenda, akasimama mbele ya draya.

"Bibi, samaki hawajalala."

"Ee?" Bibi Samaki alijibu kwa kelele, kama wanavyofanya wote walio chini ya kofia ile.

"Samaki hawajalala!"

"Waache walale, mwanangu!"

Tunu akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "NILIDANGANYA! SAMAKI WA SHANGAZI WANAKUFA—"

Umeme ukakatika. Draya ikanyamaza, redio ikanyamaza.

"—NA MIE NDIYE NINAYEWAUA!"

Sauti yake ilijaa saluni yote na kumwagika mpaka barabarani. Kitana kilimponyoka Mauwa. Mama mmoja aliyekuwa akisugua kucha alibaki mdomo wazi.

Bibi Samaki alijitoa chini ya draya na rola zake kichwani, akaenda kwenye tangi, akaivuta kanga. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Alipoongea, sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Njoo hapa, Tunu. Kwanza tazama, usilie. Unaona mapezi yamebanwa? Samaki mzima huyakunjua. Unaona shavu linavyokwenda mbio kwa yule mwingine? Hapati pumzi. Na hivi vyeupe?"

"Surua," mama mmoja alidakia.

"Si surua. Ni vidudu. Vinamwingia samaki chini ya ngozi, ndiyo maana anajisugua. Huja na samaki mgeni, na hupata nguvu samaki akipigwa na baridi au akidhoofika. Hapa mmeingiza wageni?"

"Wawili," alisema Tunu. "Wamekufa. Niliwafukia."

Bibi Samaki alichovya kidole, akakinusa. Uso ukamkunjamana. "Maji haya umeyatoa wapi?"

"Bombani, Bibi. Yana dawa. Gari la matangazo limesema. Nilikuwa nawapa dawa kila siku."

"Na ya ndoo?"

"Niliyamwaga. Yalikuwa yamelala."

Bibi Samaki akajishika kiuno. "Mauwa, kwenye lile kopo lako kubwa mna nini?"

"Dawa ya nywele, Bibi."

"Unapompaka mteja unavaa nini mikononi?"

"Glavu. Inaunguza ile."

"Tunu, mtu akiumwa tumbo utamkorogea dawa hiyo anywe?"

Tunu akatikisa kichwa upesi.

"Dawa ya nywele ni dawa. Dawa ya mende ni dawa. Dawa ya viatu nayo tunaiita dawa. Na hii ya bombani ni dawa ya kuua vijidudu ili mimi na wewe tusipate kipindupindu. Sie tunainywa kidogo, haitudhuru. Samaki yeye anapumua ndani yake, mwanangu. Inamuunguza mashavu. Maji hayo yakiachwa wazi ndooni kuanzia leo hadi kesho, dawa inaruka yenyewe, yanamfaa. Ndiyo sababu shangazi yako aliyalaza."

Tunu alisimama kama mti. Vipande vyote alivyokuwa akivihangaikia vikaanza kukaa mahali pake, na kila kimoja kilimchoma kilipokaa. "Bibi," aliuliza polepole, "umeyajuaje yote haya kwenye kukaanga?"

"Kukaanga?"

Mauwa alipaliwa na kicheko. "Tunu! Bibi Samaki ni afisa uvuvi! Kama kuna bibi shamba wa mashamba, huyu ni wa samaki!"

"Kumbe mie nilikuwa na karai na sina habari," alisema Bibi Samaki, akapandisha mikono ya gauni lake. "Haya, sikia. Tuna maji yoyote yaliyolala?"

"Lipo pipa la kufulia taulo," alisema Mauwa. "La tangu wiki iliyopita. Sabuni tunatia kwenye beseni, si humo."

Bibi Samaki aliyanusa maji ya pipa, akaridhika. Walitoa maji ya tangi kidogo kidogo, wakinyonya kwa mpira yale ya chini kati ya mawe, maana ndiko vidudu vinakojificha vikishaanguka kutoka mwilini. Kisha akamtuma Tunu dukani kuleta chumvi ya mawe.

"Chumvi?" Tunu alichanganyikiwa upya. Vidoa kama chumvi, na dawa yake chumvi?

"Chumvi. Kijiko cha chakula kwa kila nusu ndoo, uiyeyushe kwanza pembeni, umimine taratibu. Usizidishe ukidhani watapona haraka. Yaliyokupata kwa kuzidisha unayajua."

Samaki walihitaji na joto, maana vidudu vile havipendi maji ya uvuguvugu. Taa ingetosha, lakini umeme haukuwepo. Mauwa akawasha jiko la mkaa uani, wakachemsha maji, wakayatia kwenye chupa za soda zilizofungwa vizuri, wakaziegemeza tangini, moja ikipoa wanatia nyingine. Tunu ndiye aliyezishughulikia. Kutwa nzima alikuwa uani na ndani, ndani na uani, akichovya mkono kila mara asije akawapika. Bibi Samaki alikwenda zake jioni, nywele zake hazikukauka sawa upande mmoja, akaahidi kurudi.

Kesho yake Shangazi Najat aliposhuka kwenye teksi, Tunu alikuwa amesimama kibarazani. Hakumpokea mkoba kwanza.

"Shikamoo, Shangazi. Samaki waliugua. Nikamwaga maji yako, nikawatilia ya bomba. Wawili wamekufa. Nikafunika tangi watu wasione, nikasema uongo. Bibi Harusi yu mgonjwa sana."

Alisema yote kwa pumzi moja. Shangazi alimtazama, uso umegeuka jiwe. Akapita, akaingia ndani, akasimama mbele ya tangi. Bibi Harusi alikuwa bado chini, lakini hakulala ubavu. Pezi moja lilikuwa limekunjuka.

"Nilikwambia maji ya ndoo," Shangazi alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Shangazi."

"Nikakuuliza kama umesikia, ukasema umesikia."

"Nilisikia. Sikujua kwa nini."

Bibi Samaki alikuwa amefika kama alivyoahidi, kaketi kwenye kiti cha wateja. "Najat," alisema, "na wale wageni uliwamimina siku ile ile uliyowanunua?"

Shangazi akaitika kwa kichwa.

"Mgeni wa samaki anatengwa kwenye chombo chake kwanza, wiki mbili tatu, mpaka ujue ni mzima. Ugonjwa uliingia na mfuko wako wewe. Mtoto aliukuta ndani."

Shangazi alikaa kwenye stuli. Mkoba ulikuwa bado begani. Kisha akasema, "Kumbe tuliokosea tulikuwa wawili."

Hawakuacha matibabu. Kila siku robo ya maji ilitoka, yakaingia yaliyolala, na chumvi kwa kipimo. Vidoa vilipoanza kudondoka Tunu alitaka kuacha, Bibi Samaki akamkataza: vidudu vikitoka mwilini vimo bado majini, vinatafuta pa kuingia. Wakaendelea hata baada ya samaki kutakata. Na asubuhi moja Tunu alipotupa chembe za chakula, Bibi Harusi alipanda kutoka chini, mkia wake wote umefunguka nyuma yake, akaziokota moja baada ya nyingine, hakubakiza.

Tunu alipiga kelele mpaka Mauwa akadhani kuna mwizi.

Shangazi alikuja, akatazama pamoja naye. "Sikia, Tunu," alisema. "Wale wawili wamekufa, na hatuwezi kulibadilisha hilo. Uliposikia neno dawa hukuuliza dawa ya nini, na inamfaa nani. Siku nyingine uliza, hata kama anayekupa agizo ana haraka ya basi. Mshike nguo. Na lile la kanga ndilo baya zaidi, maana siku zote ulizolifunika tangi, mtu wa kuwaponya alikuwa akipita hapa hapa mlangoni."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe tangu kibarazani. Mwezi ujao nakwenda tena Tanga."

"Utamwachia nani samaki?"

"Wewe."

"Mie? Baada ya yote haya?"

"Umekosea, na utakosea tena, ndivyo watu tulivyo," alisema Shangazi Najat. "Lakini sasa ninajua kwamba ukikosea, nitasikia kwako kabla sijasikia kwa watu."